Nyoka Aliyesimama Syokimau

Muhula wangu wa mwisho chuoni ulikuwa na treni nyingi kuliko masomo. Mwaka wa 2019 karo ilikwama, jina langu likatoka kwenye orodha ya mtihani, na sikumwambia mathe. Kila asubuhi niliamka giza bado liko, nikabeba begi, nikapanda treni ya Syokimau kwenda tao kama mtu mwenye darasa la saa mbili. Uzuri wa treni ni kwamba haikuulizi unaenda kufanya nini. Unakata tikiti, ukiwa na bahati unapata kiti, na baada ya kama nusu saa umefika, wakati jirani yako aliyepanda matatu bado anahesabu malori Mombasa Road.

Shida ni kwamba nikifika sikuwa na pa kwenda. Ndiyo maana nilianza kuingia Makumbusho ya Reli, ambayo iko hatua chache tu kutoka stesheni kuu ya Nairobi. Ilifunguliwa 1971, na ndani kuna vichwa vya treni vya mvuke vilivyozeeka, kengele, simu za kuzungusha, na behewa ambalo simba alimvuta afisa wa polisi Charles Ryall pale Kima mwaka wa 1900. Wageni wote hukimbilia hilo behewa. Kusema kweli simba wamependelewa sana katika hadithi hii. Vibarua wapatao 32,000 waliletwa kutoka India kujenga reli ile, na karibu 2,500 kati yao wakafa, wengi kwa magonjwa na ajali. Hao hawana behewa la kupigia picha.

Mimi kilichokuwa kinanirudisha pale ni swali la susu wangu. Susu ni Mkamba wa Emali, na tangu tukiwa wadogo alitusimulia habari za Syokimau, nabii wa kike aliyeishi kabla ya wazungu kufika. Wanasema aliona nyoka mrefu akitema moto na moshi, akienda kutoka maji haya hadi maji yale, na ndani yake watu wa rangi ya ajabu waliobeba moto mifukoni. Moto wa mfukoni, wazee walikuja kuelewa, ni kiberiti. Wanandi nao wana utabiri wao wa nyoka, wa Kimnyole, aliyeuawa 1890. Mwanawe Koitalel Samoei aliipinga reli hiyo hadi akapigwa risasi mwaka wa 1905. Susu aliposikia tumehamia Syokimau aliuliza hivi: "Na huyo nyoka, siku hizi anawasimamia?"

Nilicheka wakati ule. Lakini ukilisoma vizuri simulizi la Syokimau utaona kwamba nyoka anapita tu. Hakuna mahali anaposimama kumbeba mwenye shamba.

Na ndivyo reli ilivyojengwa. Hata jina lake halikuwa letu: iliitwa Reli ya Uganda, kwa sababu Uingereza ilitaka kufika kule ziwani na kwenye chemchemi za Nile. Kazi ilianza Mombasa 1896. Mnamo 30 Mei 1899 ikafika kwenye tambarare yenye maji ambayo Wamaasai waliita Enkare Nairobi, na wahandisi wakaamua kuweka bohari hapo kabla ya kukabili mlima wa kwenda Bonde la Ufa. Desemba 1901 ilikuwa Kisumu. Yaani mji wetu mkuu ulianza kama stoo ya mataruma na vyuma. Njiani treni ilivuka mbuga za Athi, pale pale ambapo leo kuna fleti zetu, bila sababu ya kupunguza mwendo.

Mwafrika aliyefanya kazi relini Nairobi aliwekwa Muthurwa, baadaye Makongeni, karibu na karakana, ili aende kazini kwa miguu. Nilipoelewa hilo ndipo ramani ya jiji ilipoanza kunieleweka. Reli ya kumchukua mfanyakazi asubuhi na kumrudisha jioni haikuhitajika, kwa sababu mfanyakazi hakutarajiwa kuishi mbali, wala kuwa na nyumba yake.

Jiji likapanuka hata hivyo. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika 1977, reli ikagawanywa, na Kenya ikabaki na shirika lake. Treni za abiria wa kila siku zikawa zinaenda Ruiru, Kikuyu na Embakasi juu ya reli zile zile za mkoloni, vijana wakining'inia milangoni na kukalia paa. Wazazi wa rafiki zangu wa Dandora wanazikumbuka kwa mapenzi na kwa makovu.

Stesheni ya Syokimau ilifunguliwa na Rais Kibaki 13 Novemba 2012. Imara Daima na Makadara zikafuata kwenye laini hiyo hiyo. Ilikuwa na kitu kigeni kwetu: maegesho makubwa, uache gari uingie treni. Wazo lilikuwa kwamba mwenye gari ndiye anayeleta jam, basi abembelezwe. Na wengine walibembelezeka kweli. Nimewahi kukaa katikati ya wakili mwenye tai na mama wa mitumba wa Gikomba, wote wawili wamesinzia kwa mdundo mmoja.

Mei 2017 Madaraka Express ilianza, na kituo chake kikubwa cha Nairobi kikajengwa huku huku Syokimau, si tao. Ghafla treni yetu ndogo ikapata kazi ya pili, kuwaunganisha wasafiri wa Mombasa na katikati ya jiji. Mwaka wa 2020 yakaja mabehewa yenye injini zake yenyewe, yaliyokwisha kutumika Mallorca, Uhispania. Hata hivyo ratiba imebaki na umbo la mwajiriwa: asubuhi kwenda tao, jioni kurudi. Sisi wa vibarua vya kuandika, tunaoitwa saa tano na kulipwa mwezi ujao, bado tunategemea konda.

Desemba ile ya 2019 nilimsindikiza mathe kupanda Madaraka Express kwenda Emali kumwona susu. Nilimbebea mzigo: mchele, blanketi, mafuta ya kupaka. Tukiwa kwenye foleni ya ukaguzi akauliza mtihani ulikuwaje. Nikasema, Mama, sikufanya. Nikamwambia na ya treni pia, asubuhi zote zile.

Alinyamaza mpaka mbwa wa polisi akamaliza kunusa mifuko.

"Nilijua," akasema. "Begi lako lilikuwa linarudi jepesi vile lilivyotoka." Kisha akanipa noti ya mia mbili kutoka kwenye leso, nauli ya kurudi nyumbani, ingawa nyumbani palikuwa mwendo wa dakika kumi kwa miguu.