Stesheni, Reli Mbili Zinapopakana

Mwambie kondakta wa daladala jijini Dar es Salaam "nishushe Stesheni", hatakuuliza ipi. Hapo ndipo Wajerumani walipoanza kujenga Reli ya Kati mwaka 1905, mwaka uleule Vita vya Maji Maji vilipozuka kusini. Reli ilifika Morogoro 1907, Tabora 1912, na Februari 1914 ikagusa Ziwa Tanganyika pale Kigoma, kilomita 1,250 hivi kutoka pwani. Miezi sita baadaye Vita Kuu vikaanza. Mkoloni aliyeiagiza hakuifaidi kwa muda mrefu. Waafrika waliobeba mataruma na kupasua miamba hata majina yao hayatajwi sana.

Reli hiyo ni ya geji, yaani upana wa njia, ya mita moja. Reli nyembamba hujengwa kwa gharama nafuu na hukata kona kali, lakini mwendo wake ni wa taratibu, na bondeni Kilosa mafuriko yameisomba mara nyingi. Hata hivyo ndiyo iliyowabeba watu wa bara kwa zaidi ya miaka mia moja. Tangu Oktoba 2012 imewabeba pia wafanyakazi wa jijini, kwa treni ambayo wakazi waliibatiza jina la waziri wa uchukuzi wa wakati huo: treni ya Mwakyembe.

Aprili 2017 Rais Magufuli aliweka jiwe la msingi la reli ya kisasa, SGR. Sasa jirani na stesheni kongwe limesimama jengo la vioo lenye umbo la tanzanaiti. Pima kutoka ukingo wa ndani wa reli moja hadi wa pili: milimita 1,435. Tofauti ni sentimita 43.5 tu, ila inatosha kuzuia behewa la Kigoma lisikanyage njia ya SGR. Juu kuna nyaya za umeme. Treni hukimbia hadi kilomita 160 kwa saa, na tangu Julai 2024 safari ya Dodoma, iliyokuwa ikila usiku mzima, huisha kwa saa nne au pungufu.

Jiji hilohilo lina TAZARA pia, reli ya Tanzania na Zambia, yenye geji ya milimita 1,067 ili iende sambamba na reli za Zambia. Kwa sababu hiyo, tangu 1998 mizigo kati yake na Reli ya Kati huhamishwa pale Kidatu, kutoka behewa la geji moja hadi la nyingine.

Sifa za SGR ni za haki. Lakini Shirika la Reli (TRC) lisiiache reli ya zamani ichakae: SGR bado haijafika Kigoma, na abiria wa huko angali anategemea behewa la geji ya mita.