Bahari ya Hindi na Kipimo cha Jinja

Vimbunga vya baharini havifiki Kampala. Jiji liko karibu mno na ikweta, na huko mzunguko wa dunia hauna nguvu ya kuusokota upepo, hata bahari ipate joto namna gani. Hata hivyo joto la Bahari ya Hindi lina njia yake ya kufika hapa, nayo ni mvua.

Mwaka 1961 vuli ilinyesha bila kukoma. Mafuriko yake Wakenya waliyaita mafuriko ya Uhuru. Uganda ilipojitawala, Oktoba 1962, Ziwa Viktoria lilikuwa bado linapanda, na kufikia Mei 1964 kipimo cha Jinja kilisoma mita 13.41, zaidi ya mita mbili juu ya kilichozoeleka. Bwawa la Owen Falls, pale pale Jinja, lilikuwa na miaka kumi tu, kwa hiyo ni rahisi kulinyoshea kidole. Lakini Ziwa Tanganyika nalo lilipanda, na maji yake hayapiti Jinja. Tena sehemu kubwa ya maji ya Viktoria hudondoka moja kwa moja kutoka mbinguni. Mito huongeza kidogo.

Kwa nini mvua ilizidi hivyo? Jibu lilikawia hadi 1999, wanasayansi Saji, Yamagata na wenzao walipoonyesha kwamba kuna miaka ambayo Bahari ya Hindi huenda kinyume na kawaida yake: upande wa Sumatra hupoa, upande wetu hupata joto, pepo hugeuka na mawingu huja Afrika Mashariki. Miongoni mwa miaka waliyoitaja ni 1961.

Mwaka 2019 hali hiyo ilirudi kwa nguvu kubwa. Kimbunga huhitaji maji ya nyuzi 26.5 hivi au zaidi, na Bahari ya Arabuni ilikuwa na joto la ziada: mwishoni mwa Oktoba, vimbunga Kyarr na Maha vilivuma humo kwa wakati mmoja. Huku kwetu ilikuwa mvua tu, miezi kwa miezi. Aprili 2020 kisiwa cha mafunjo kilichong'olewa na maji kiliziba mitambo ya umeme ya Nalubaale, ndilo bwawa lile la Owen Falls, nchi nzima ikakosa umeme. Mei, Jinja ilisoma mita 13.42.

Port Bell na Ggaba zikafurika. Kanuni za mwaka 2000 zinakataza kujenga ndani ya mita 200 kutoka ukingo wa ziwa. Waliojenga humo, matajiri kwa maskini, ndio waliofikiwa na maji kwanza.