Mstari Ulioonekana, Hesabu Iliyofichwa

Mwaka 1988 mpiga kura wa Changamwe, Mombasa, hakuwa na siri. Katika mchujo wa chama tawala, Kanu, alipanga mstari nyuma ya mgombea wake, au nyuma ya wakala aliyebeba picha yake, jirani na chifu wakimwona. Aliyepata zaidi ya asilimia 70 alipita bila kupingwa. Huo ndio mlolongo. Watu wakishatawanyika, hakuna karatasi iliyobaki ya kuhesabiwa upya, na katika sehemu kadhaa za Kenya alitangazwa mshindi mwenye mstari mfupi. Mwananchi alianikwa juani, hesabu ikafichwa.

Ndiyo maana naanzia Changamwe kutafuta ni lini uwazi ulianza kudaiwa kwa kiongozi. Mwaka 1992 mbunge wa hapa, Kennedy Kiliku, aliongoza kamati teule ya Bunge iliyochunguza mapigano ya kikabila. Alikuwa mwana Kanu, lakini ripoti ya kamati yake iliwataja wakubwa wa chama hichohicho. Bunge halikuipitisha. Hata hivyo, mbunge wa Changamwe alikuwa ameonyesha kuwa inawezekana kuuliza na kuandika majina.

Unavuka Makupa, unakata kisiwa, unafika feri. Ng'ambo ni Likoni, na hapa neno uwajibikaji lina makaburi. Asubuhi ya tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilipinduka ikiwa na watu waliokuwa wakienda kutafuta riziki kisiwani. Walikufa 272. Miaka mitatu baadaye, usiku wa tarehe 13 Agosti 1997, uchaguzi ukikaribia, wavamizi walishambulia kituo cha polisi cha Likoni, wakaua askari na kuiba bunduki. Maelfu ya wakazi, wengi wao wenye asili ya bara, walikimbia makwao. Tume ya Jaji Akiwumi, iliyochunguza mashambulizi hayo, ilikamilisha ripoti yake mwaka 1999, lakini serikali iliitoa hadharani mwaka 2002. Aliyechomewa nyumba alisubiri miaka mitatu kusoma yaliyompata, ilhali waliokuwa madarakani walikuwa nayo.

Kisauni, baada ya daraja la Nyali, habari ni ya fedha. Mbunge wa hapa, Karisa Maitha, alirudi bungeni kwa tiketi ya muungano wa Narc mwaka 2002 na kuwa waziri, katika serikali iliyoingia kwa kiapo cha kupiga vita ufisadi. Mwaka 2003 sheria ikaunda hazina ya maendeleo ya maeneo bunge, kwa angalau asilimia 2.5 ya mapato ya kawaida ya serikali. Fedha zikasogea karibu: madarasa, zahanati, basari. Tazama kuta za madarasa hayo. Jina la hazina limechorwa kwa rangi, herufi kubwa, lakini mara nyingi hutaona bei wala jina la mkandarasi.

Katiba ya 2010 iliandika haki ya kupata habari katika Ibara ya 35, na haki ya kumwondoa mbunge kabla ya muhula kwisha katika Ibara ya 104. Kisha wabunge wenyewe wakatunga masharti: kusubiri miezi 24 baada ya uchaguzi, kwanza kupata hukumu ya Mahakama Kuu, na kukusanya saini za asilimia 30 ya wapiga kura. Mwaka 2017 Mahakama Kuu ilibatilisha baadhi ya vifungu hivyo, na hadi leo hakuna mbunge aliyeondolewa kwa njia hiyo.

Ahadi ni deni, na sisi watu wa Pwani deni kubwa tunaliandika mbele ya mashahidi. Anayekuja katika wadi zetu za Timbwani, Chaani au Mjambere kuomba kura Agosti 2027 akiahidi uwazi, tumtake aandike: orodha ya waliopewa basari itabandikwa wapi, hesabu za miradi zitasomwa tarehe gani, na baraza la wananchi litakaa mara ngapi kwa mwaka. Kisha atie saini, na nakala ibaki mikononi mwa wazee, vijana na akina mama wa wadi. Asiyekubali kufungwa na tarehe hastahili kura yetu.