Telegramu ya uongo na mlima wa Tourmalet

Wadau, nimekuwa kimya kwa wiki tatu na wengine mmeniulizia. Nilikuwa Lushoto. Au niseme ukweli: nilikuwa njiani kwenda Lushoto, maana sehemu kubwa ya siku niliimalizia kati ya Mombo na Soni nikisukuma baiskeli niliyoiazima kwa mbwembwe zote. Ni baiskeli ya mbio, zile zenye matairi membamba na usukani uliopinda kama pembe za kondoo. Kona tano za kwanza nilijiona bingwa. Ya sita gia ikagoma, cheni ikang'ang'ania kwenye meno yale magumu kabisa, nikashuka. Costa ikapita, watoto wakatoa vichwa dirishani wakanishangilia kwa kejeli. Nikasukuma.

Pembeni yangu alikuwa mzee mmoja na Phoenix yake, nyuma kafunga mfuko wa chumvi na madumu mawili. Naye alikuwa anasukuma, ila kwa utulivu wa mtu anayeijua njia. Shikamoo mzee, marahaba mwanangu, tukaongozana. Nitarudi kwake. Kwanza nataka niwaeleze mlima mwingine, maana nilipokuwa nasukuma nilikuwa nauwaza huo.

Mlima wenyewe unaitwa Tourmalet, uko Ufaransa kusini, kwenye safu ya Pirenei. Barabara inapita juu kwenye mita 2,115. Ukianzia kijiji cha Sainte-Marie-de-Campan unapanda kilomita 17 na kuongeza kimo cha zaidi ya mita 1,200. Kwa wale wanaoijua Mombo–Lushoto: sisi tunapanda kama mita 1,000 kwa kilomita thelathini na kitu. Tourmalet ni mkali zaidi ya mara mbili. Leo wanaupanda watu wa kila namna, hata wastaafu, tena wanapiga picha na kibao kule juu. Lakini mwaka 1910 hakuna mtu mwenye akili timamu aliyeona kwamba pale ni mahali pa mashindano ya baiskeli. Aliyeona hivyo alikuwa mwandishi wa habari. Hapo ndipo habari hii iliponishika shati.

Tour de France ilianza 1903 kama mbinu ya kuuza gazeti. Msiwaamini wanaoanza na maneno makubwa ya uzalendo na afya ya taifa. Gazeti liliitwa L'Auto, lilichapwa kwenye karatasi ya njano, na lilikuwa linapigwa kumbo na mpinzani wake Le Vélo. Kijana mmoja wa chumba cha habari, Géo Lefèvre, akatoa wazo la mbio za kuizunguka nchi nzima. Mhariri wake, Henri Desgrange, akalichukua. Mauzo yakapanda, na mwaka uliofuata Le Vélo likafa. Tangu hapo kila mwaka Desgrange alikuwa na tatizo ambalo kila mhariri analijua: mwaka jana tuliwapa wasomaji hiki, mwaka huu tuwape nini?

Jibu alikuja nalo Alphonse Steinès, mwandishi wake mzaliwa wa Luxembourg. Steinès alisema: Pirenei. Tuwapandishe Pirenei. Desgrange aliogopa, na kwa haki kabisa. Njia za kule juu zilikuwa za mbao za magogo na mifugo, theluji ilikuwa inakaa hadi majira ya joto, dubu walikuwepo. Basi akamtuma Steinès akaangalie.

Yaliyotokea tunayajua zaidi kwa mdomo wa Steinès mwenyewe, kwa hiyo chukueni pamoja na chumvi kidogo. Alikodi gari na dereva. Wakapanda Tourmalet mpaka theluji ikawazuia, kilomita chache kabla ya kilele. Giza likaingia. Dereva akasema mimi narudi. Steinès akashuka na kuendelea kwa miguu na viatu vyake vya mjini, akavuka juu, akapotea, akateleza, akaanguka bondeni. Watu walimkuta usiku wa manane upande wa pili, karibu na Barèges, akiwa hoi kwa baridi. Wakampa chakula na maji ya moto ya kuoga. Asubuhi akaenda posta akampigia mhariri wake telegramu kwamba ameuvuka Tourmalet, barabara ni nzuri sana, inapitika kabisa.

Nilisoma habari hii mara ya kwanza miaka mingi iliyopita nikacheka mpaka machozi. Siku hizi sicheki sana. Nilipokuwa bado mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo kwenye gazeti moja, msimu wa mvua, niliambiwa niandike aya tatu kuhusu barabara fulani ya mkoani. Sikwenda. Nilipiga simu kwa mtu mmoja ofisini, akaniambia inapitika, nikaandika inapitika. Siku nne baadaye dada mmoja alipiga simu chumba cha habari akitaka kuongea na aliyeandika. Alikuwa amelala njiani usiku mbili na mtoto mchanga, basi limezama kwenye tope. Hakunitukana. Aliniuliza tu kama mimi nilipita. Steinès yeye angalau alipita. Lakini alipita, akaona, halafu akaandika kinyume chake, na sijui kati yangu mimi na yeye nani mbaya zaidi.

Haya, tuendelee. Tarehe 21 Julai 1910, saa tisa na nusu usiku, wanaume waliondoka mji wa Luchon kwenda Bayonne. Kilomita 326 kwa siku moja. Njiani walingojewa na Peyresourde, Aspin, Tourmalet na Aubisque, mmoja baada ya mwingine. Mhariri Desgrange hakuwepo. Alikuwa ameondoka akisema hajisikii vizuri, akamwachia usimamizi Victor Breyer. Ugonjwa wa wakubwa unajua siku ya kuja.

Hebu fikirini baiskeli zenyewe. Chuma kizito, matairi ya akiba yamezungushwa mabegani kama mtu aliyebeba kamba, na barabara si lami bali mawe na vumbi. Gia za kubadilisha ukiwa juu ya baiskeli hazikuruhusiwa. Kwa miaka mingi ilikuwa kwamba ukitaka gia nyepesi unashuka, unafungua gurudumu la nyuma, unaligeuza upande wa pili wenye meno mengine, unafunga, unapanda tena. Kwa hiyo wengi walifanya kama mimi pale Soni, walisukuma. Octave Lapize alifika wa kwanza juu ya Tourmalet akiwa ametembea sehemu za njia. Gustave Garrigou ndiye aliyepanda wote bila kukanyaga chini, akapewa zawadi ya faranga 100.

Kule Aubisque, Breyer na Steinès walikuwa wamesimama barabarani wanasubiri. Muda ukapita, hakuna mtu. Ndipo akatokea kijana asiye na jina kubwa, François Lafourcade, akapita bila kujibu maswali yao. Kama robo saa baadaye akaja Lapize, nusu anatembea nusu anaburuzwa na hasira. Alipowaona wale mabwana wa gazeti aliwarushia neno moja ambalo Ufaransa nzima inalikumbuka mpaka leo: wauaji. Halafu akaendelea, akamkamata Lafourcade, akashinda siku ile baada ya zaidi ya saa 14 barabarani. Wiki iliyofuata akashinda na Tour yenyewe. Walioanza mbio walikuwa 110, waliomaliza 41. Mwaka huohuo ndipo walipoanzisha gari la kufuata nyuma kuokota waliochoka, wakaliita gari la ufagio.

Na gazeti je? Gazeti liliuza. Mwaka 1911 wakaongeza Galibier kwenye milima ya Alpi, mrefu kuliko Tourmalet. Neno la Lapize halikuwazuia, liligeuka tangazo la biashara.

Lakini kitu kinachonikera kwenye historia hii si mlima. Mlima haukumdanganya mtu. Kinachonikera ni gia. Maana watu husema mashujaa wa zamani walipanda bila gia kwa sababu gia hazikuwepo. Si kweli! Zilikuwepo. Kule Saint-Étienne alikuwepo bwana Paul de Vivie, aliyejiita Vélocio, ambaye alihangaika miaka na miaka kutengeneza na kutetea baiskeli za gia nyingi. Mwaka 1902, miaka minane kabla ya siku ile ya Aubisque, chama cha watalii cha Touring Club de France kiliandaa jaribio Pirenei, njia ya kilomita 240 ikipita Tourmalet humohumo. Edouard Fischer, mwanaume bingwa, akapewa baiskeli ya gia moja. Mwanamke aitwaye Marthe Hesse akapewa yenye gia tatu. Marthe akamshinda.

Jambo lingeisha hapo. Lakini Desgrange alishika kalamu akaandika kwamba gia za kubadilisha ni za watu waliozidi miaka 45, kwamba mwanaume anapaswa kushinda kwa misuli yake na si kwa vyuma. Na kwa kuwa mbio zilikuwa zake, ilikuwa sheria. Yeye aliandika mezani, wao walisukuma.

Ukitaka kujua sheria zake zilifika wapi, msikilize Eugène Christophe. Mwaka 1913 alikuwa anashuka Tourmalet akiwa na nafasi nzuri ya kushinda Tour nzima, uma wa mbele wa baiskeli ukakatika. Sheria ilisema mpanda baiskeli asisaidiwe na mtu yeyote. Akabeba baiskeli begani, akatembea zaidi ya kilomita 10 mpaka Sainte-Marie-de-Campan, akaingia kwa mhunzi, akaunga chuma kwa mikono yake mwenyewe wasimamizi wa mbio wamesimama mlangoni wanamwangalia. Kwa kuwa mikono ni miwili tu, kijana wa pale alimpulizia moto kwa mivukuto. Wakamwadhibu. Dakika 10, baadaye wakapunguza zikawa tatu. Kibao cha kumbukumbu kipo kijijini hapo mpaka leo, na watu wanakisoma kama hadithi ya uvumilivu. Mimi nikikisoma naona dakika tatu za mivukuto.

Lapize hakupata uzee wa kusimulia. Vita Kuu ya Kwanza ilipokuja akawa rubani wa ndege za kivita, akatunguliwa 1917 akafa. François Faber, aliyekuwa wa pili mwaka ule wa 1910, alikuwa ameshakufa vitani 1915. Desgrange aliendelea. Aliongoza mbio mpaka 1936, afya ilipomshinda akamwachia Jacques Goddet. Na mwaka 1937, mwaka wa kwanza kamili bila yeye, gia za kubadilisha zikaruhusiwa. Roger Lapébie akashinda akiwa nazo. Miaka 35 baada ya Marthe Hesse. Mlima ni uleule, na hakuna aliyesema Lapébie si mwanaume.

Mwezi Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli yalikuja Afrika kwa mara ya kwanza, Kigali. Nilitazama mbio za wanaume mpaka mwisho, kilomita 267.5 za kupanda na kushuka vilima, na bingwa Tadej Pogačar akashinda. Waliomaliza walikuwa 30 tu, wenye baiskeli nyepesi na gia za umeme zinazobadilika kwa kugusa kidole. Wengine waliacha njiani, na hakuna aliyewaita waoga. Kumbe hata ukimpa mtu gia zote za dunia, kilima bado kinabaki kilima.

Sasa nirudi kwa mzee wangu. Tulifika Soni jua limeshaelemea magharibi, tukakaa kwenye kibanda cha chai. Akaikagua ile baiskeli yangu kwa makini, akageuza pedali kwa mkono, akachokoa cheni na kijiti, gia ikaachia. Dakika mbili. Mimi nimesukuma kilomita zote zile! Akaniuliza hivi vyuma vyote vya nyuma kazi yake nini. Nikamweleza, nikamwonyesha jinsi mguu unavyokuwa mwepesi mlimani. Akatazama Phoenix yake, akatazama yangu.

"Sasa mbona hii yetu hawakuiwekea?"

Nikaanza kumsimulia habari za Desgrange, kwamba kuna bwana mmoja zamani alisema gia ni za waliozidi miaka 45. Mzee akacheka mpaka chai ikamwagika. Ana miaka 58. Akaniuliza huyo bwana anapatikana wapi, ana madai yake ya miaka kumi na tatu.