Kibodi ya Kifaransa na Uandishi wa Lugha za Ituri

Imezoeleka kudhaniwa kwamba tahajia ya lugha huamuliwa na wataalamu mikutanoni, nayo mashine hufuata. Historia ya uandishi katika Ituri yaonyesha kwamba mara nyingi mambo yamekwenda kinyume: mkutano ulipitisha herufi, mashine haikuwa nayo, na mpiga chapa akaandika kile kilichokuwa chini ya vidole vyake.

Mpangilio wa QWERTY ulitokana na mashine iliyobuniwa na Christopher Sholes na wenzake huko Milwaukee, Marekani, ambayo kampuni ya Remington ilianza kuiuza mwaka 1874. Ufaransa na Ubelgiji zilishika AZERTY, nao ndio ulioingia Kongo pamoja na utawala wa Kibelgiji. Hivyo mpaka uliotenga Ituri na Uganda ulitenga pia vidole vya makarani. Leo mipangilio yote miwili hukutana Bunia, kwa kuwa kompyuta zinazopitia Kampala huja na QWERTY, na zile zitokazo Ubelgiji huja na AZERTY.

Kwa Kiswahili tofauti hiyo si ndogo. Herufi a, inayotumika kuliko zote katika lugha hii, kwenye QWERTY iko mstari wa kati, chini ya kidole kidogo cha kushoto. Kwenye AZERTY pahali hapo pamekaliwa na q, ambayo Kiswahili sanifu hakiitumii kabisa, na a imepandishwa mstari wa juu. W, iliyo adimu katika Kifaransa, imesukumwa pembeni mwa mstari wa chini, ilhali Mswahili hafiki mbali bila wa na kwa. Tarakimu, na hata nukta, hazipatikani mpaka kibonye cha herufi kubwa kibonyezwe, huku é, è, ç na à zikistarehe katika safu ya tarakimu bila kazi. Haki itendeke, hata hivyo: m ya AZERTY iko mstari wa kati, kuliani mwa l, na kwa lugha yenye viambishi m- na mu- hiyo ni faida ambayo QWERTY haina.

Juu ya hayo, Kiswahili kilikuwa na bahati. Usanifishaji uliosimamiwa na Kamati ya Lugha iliyoundwa Afrika Mashariki mwaka 1930, kwa msingi wa Kiunguja, uliacha tahajia isiyo na alama juu ya herufi. Ch, sh, dh na ny ni jozi za herufi za kawaida, nayo ng' yahitaji ritifaa tu.

Lugha nyingine za Ituri hazikupata wepesi huo. Mkutano wa Rejaf, Sudan, wa mwaka 1928, uliohudhuriwa na wajumbe kutoka Kongo ya Kibelgiji, Uganda na Sudan, ulitafuta tahajia ya pamoja kwa lugha za eneo hili. Semina ya kwanza ya wanaisimu wa Zaire, iliyofanyika Lubumbashi Mei 1974, ilipendekeza ɛ na ɔ kwa vokali wazi. Mashine za ofisini hazikuwa na herufi hizo, na hadi leo Kilingala cha kila siku huandikwa kwa e na o. Mwaka 1982 Michael Mann na David Dalby, katika kurekebisha alfabeti iliyotoka mkutano wa Niamey wa 1978, walifuta herufi kubwa zote ili kibodi ipate nafasi. Ni hesabu safi ya vibonye. Lakini ni mwandishi gani angekubali kuandika jina lake kwa herufi ndogo?

Kompyuta zilipoenea, ilibuniwa hila ya kuchora fonti upya, hata mahali pa ç, mathalani, pakaonekana ɔ. Faili ilipofunguliwa kwenye kompyuta isiyo na fonti hiyo, ç ilirudi. Hasara haikuwa ya sura tu. Vita vilivyoanza Ituri mwaka 1999 viliwatawanya wasemaji, na matini yaliyosimuliwa kabla ya hapo hayakuwa rahisi kukusanywa tena.

Unicode, iliyoanza kutolewa mwaka 1991, iliipa kila herufi namba yake, na programu ya Keyman, iliyoundwa mwaka 1993 kwa ajili ya Kilao, ilimwezesha mtumiaji kujipangia vibonye. Linux nayo ina mpangilio wa Kongo, uliojengwa juu ya AZERTY. Hata hivyo Ʉ kubwa iliingizwa katika Unicode mwaka 2006 tu. Kabla ya hapo ʉ, inayotumika katika maandishi ya Kingiti cha Irumu, haikuwa na umbo rasmi la kuanzia sentensi.

Lililobaki ni ritifaa. Kilugbara cha Aru huandika 'b na 'd, ritifaa ikitangulia. Kiswahili huandika ng', ritifaa ikifuata. Programu za kuandikia huidhania kuwa alama ya nukuu: mwanzoni mwa neno huipinda upande mmoja, katikati huipinda upande wa pili, na mahali pengine huiacha imesimama wima. Kwa kompyuta hizo ni alama tatu tofauti, na mwanafunzi anayetafuta ng'ombe katika matini yake huletewa baadhi tu ya ng'ombe waliomo. Marekebisho yenyewe ni ya dakika moja: kuzima ubadilishaji wa nukuu kabla ya kuandika neno la kwanza.