Utando wa Tokyo

Kwa miaka mingi wanafunzi walifundishwa ya kuwa, kwa habari ya umeme, vitu ni vya namna mbili: madini huupitisha na plastiki huuzuia. Ndiyo sababu waya wa shaba huvikwa plastiki ili mkono wa mtu usalimike. Fundisho hilo lilikuwa kweli, lakini halikuwa kweli yote.

Mwaka 1967, katika maabara alimofanya kazi Hideki Shirakawa mjini Tokyo, mtafiti mgeni kutoka Korea alitengeneza poliasetilini. Kichocheo alichokitia kilizidi kipimo kiasi cha mara elfu. Unga uliotazamiwa haukutokea. Ulitokea utando unaong'aa. Kuteleza si kuanguka: Shirakawa hakuutupa, bali aliuchunguza kwa miaka kadhaa. Mwaka 1975 Alan MacDiarmid, mzaliwa wa New Zealand aliyefundisha Pennsylvania, Marekani, alizuru Tokyo, akapata habari zake, akamwalika kwake. Huko, mwaka 1976, wakishirikiana na Alan Heeger, waliutia utando huo mvuke wa bromini. Uwezo wake wa kupitisha umeme ukaongezeka mara milioni nyingi. Habari hiyo ilitangazwa mwaka 1977.

Siri yake ni hii. Poliasetilini ni mnyororo wa atomi za kaboni, ambamo vifungo vya peke na vifungo maradufu hupokezana. Elektroni zake ni kama wanafunzi waliolijaza benchi: hakuna awezaye kusogea. Bromini huondoa baadhi yao. Jirani huingia penye nafasi, naye huacha nafasi nyingine nyuma yake. Mwendo huo, katika mnyororo na kutoka mnyororo hata mnyororo, ndio umeme.

Mwaka 2000 watu hao watatu walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia. Mgeni wa mwaka 1967 hakuwamo. Wala hakuwamo Donald Weiss, ambaye pamoja na wenzake huko Australia walikwisha kutangaza, mwaka 1963, polipiroli iliyopitisha umeme. Habari yao haikupata wafuasi wengi.

Tuzo haikutolewa bure, kwa maana watatu hao ndio waliofungua njia iliyofuatwa na wengi. Lakini historia ya elimu ina deni pana kuliko tuzo: humkumbuka aliyefika, na haina budi kumkumbuka pia aliyetangulia, na hata yule aliyekosea kipimo.