Setelaiti, faiba au mnara wa simu: Mambo ya kupima kabla ya kulipia intaneti ya nyumbani Mtwara

Wananchi wa Mkoa wa Mtwara wanaotaka kufunga intaneti nyumbani wanashauriwa kupima mambo manne kabla ya kutoa fedha: huduma inayofika mahali wanapoishi, uhalali wa mtoa huduma na kifaa chake, gharama halisi ya mwezi ikiwamo ya umeme, na njia ya akiba pale huduma inapokatika. Chaguo linaloifaa kaya ya Shangani, mjini Mtwara, huenda lisiifae kaya ya Msimbati, Ruvula au Kilambo, karibu na maingilio ya Mto Ruvuma.

Uamuzi huo una uzito kwa sababu shughuli nyingi za wananchi sasa hupita mtandaoni, zikiwamo maombi ya mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu, malipo ya Serikali kwa namba ya udhibiti, na ufuatiliaji wa minada ya korosho, ambayo katika msimu wa 2024/2025 iliendeshwa kupitia mfumo wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa Tanzania (TMX).

Faiba

Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, unaosimamiwa na Shirika la Mawasiliano Tanzania (TTCL), husafirisha mawasiliano kati ya mikoa. Hata hivyo, mkongo kupita katika mkoa si sawa na waya wa faiba kufika mlangoni. Mwananchi anapaswa kwanza kuuliza kama waya umefika katika mtaa wake, siku zinazohitajika kuunganishwa, na nani atagharamia nguzo au waya wa ziada.

Pale ilipofika, faiba ndiyo huduma tulivu zaidi. Mvua haiipunguzii kasi, na watu kadhaa wa nyumba moja wanaweza kuitumia kwa pamoja. Adui yake mkubwa ni kukatwa kwa waya wakati wa uchimbaji wa barabara na mitaro.

Mnara wa simu

Kwa kaya nyingi zilizo nje ya mji, njia iliyo karibu ni ruta inayotumia laini ya simu. Serikali, kupitia Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote (UCSAF), hutoa ruzuku kwa kampuni za simu ili zijenge minara katika maeneo yasiyo na mvuto wa kibiashara. Mwaka 2023 ulisainiwa mkataba wa ujenzi wa minara 758 katika kata 713 nchini.

Kabla ya kununua ruta, inashauriwa kujaribu laini ya mtandao huohuo kwa simu ya kawaida, ndani ya nyumba husika, kwa siku tatu mfululizo. Kipimo cha maana ni cha kati ya saa 1 na saa 4 usiku, wakati watumiaji wa mnara mmoja ni wengi. Mtandao ukiwa dhaifu ndani lakini imara nje, antena ya juu ya paa inaweza kusaidia.

Wakazi wa vijiji vya kando ya Ruvuma wana jambo la ziada. Simu au ruta inaweza kunasa mtandao wa Msumbiji bila mtumiaji kutambua, na salio likaisha kwa gharama za mtandao wa nje. Kinga yake ni kuzima ruhusa ya kutumia data nje ya nchi na kuchagua mtandao wa Tanzania kwa mkono katika mipangilio ya kifaa.

Setelaiti

Huduma za setelaiti ni za aina mbili. Ya kwanza hutumia setelaiti zilizo umbali wa takribani kilomita 35,786 juu ya ikweta. Kwa umbali huo, ujumbe na jibu lake huchukua zaidi ya nusu sekunde, hivyo mazungumzo ya video husuasua. Ya pili hutumia setelaiti za karibu, mfano zile za Starlink zinazozunguka takribani kilomita 550 juu ya ardhi, ambazo ucheleweshaji wake ni mdogo kiasi cha kufaa kwa mikutano na masomo.

Faida ya setelaiti ni kufika pasipo mnara wala waya. Lakini dishi huhitaji anga iliyo wazi, na minazi au miembe iliyozunguka nyumba hukata mawasiliano mara kwa mara. Mvua kubwa za masika nazo hudhoofisha mawimbi. Kwa nyumba za ufukweni, chumvi ya bahari hula vyuma na viungio, na pepo za kusi hutikisa dishi lisilofungwa imara.

Uhalali

Chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010, mtoa huduma za mawasiliano anatakiwa kuwa na leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), na vifaa vya mawasiliano hutakiwa kuidhinishwa na Mamlaka hiyo.

Jambo hili linawagusa moja kwa moja wakazi wa mpakani. Starlink ilianza kutoa huduma nchini Msumbiji mwaka 2023, ilhali hadi mwishoni mwa mwaka 2024 ilikuwa haijapata leseni Tanzania. Leseni ya nchi moja haivuki mto. Anayenunua dishi ng'ambo na kulivusha hujiweka katika hatari ya kukiuka sheria, kukwama katika taratibu za forodha, na kukatiwa huduma bila pa kudai haki yake. Kabla ya kununua, mwananchi ajiridhishe kwa TCRA kuhusu hali ya leseni ya kampuni husika kwa wakati huo.

Hesabu ya mwezi

Bei ya kifurushi ni sehemu tu ya gharama. Video inayotumia megabiti 3 kwa sekunde hutumia takribani GB 1.35 kwa saa. Kaya inayotazama saa mbili kila siku hufikisha GB 81 kwa mwezi. Pale kifurushi kinapotajwa kuwa hakina kikomo, ni vyema kuuliza kama kasi hupunguzwa baada ya kiasi fulani.

Umeme nao uhesabiwe. Dishi linalotumia wati 75 likiwashwa mchana na usiku hutumia uniti 54 kwa siku 30, wakati ruta ya wati 10 hutumia uniti 7.2. Kwa mteja wa TANESCO aliye katika kundi la D1, lenye ukomo wa uniti 75 kwa mwezi kwa bei nafuu, dishi pekee linaweza kumaliza sehemu kubwa ya uniti hizo. Kuzima dishi usiku hupunguza matumizi.

Njia ya akiba

Tarehe 12 Mei, 2024, hitilafu katika mikongo ya baharini ya EASSy na SEACOM ilivuruga intaneti Tanzania na nchi jirani. Tukio hilo lilionesha kuwa faiba na minara ya simu vinaweza kuathirika kwa pamoja, kwa kuwa vyote hutegemea mikongo hiyo kufika nje ya nchi. Zahanati, shule au biashara isiyoweza kusimama inafaa kuwa na huduma mbili zinazopita njia tofauti.

Kwa ujumla, kaya iliyofikiwa na faiba ianze na faiba. Iliyo karibu na mnara imara itumie ruta ya simu. Na setelaiti yenye leseni iwe chaguo la mahali ambapo njia hizo mbili hazijafika. Mwenye malalamiko ayawasilishe kwanza kwa mtoa huduma na kutunza stakabadhi pamoja na namba ya lalamiko. Asiporidhika na majibu, ana haki ya kulifikisha TCRA.